Kamba za juu: si lazima kila mtu apande

Karibu kila kampuni inayopanga kuleta wafanyakazi kwetu kwenye kamba za juu, yaani mchezo wa kujenga timu ambapo watu huvuka waya zilizofungwa juu huku wamefungwa kamba za usalama, meneja huniambia kwenye simu: "Hakikisha wote wanapanda, asibaki mtu chini." Naomba hili tulimalize leo.

Dhana: Asiyepanda ameiangusha timu.

Ukweli: Hofu ya kimo si uvivu wala utovu wa nidhamu. Mtu aliyelazimishwa akifika katikati ya waya huganda. Anaukaba kwa mikono yote miwili, na baada ya dakika chache vidole vinaishiwa nguvu, huku bosi akipiga kelele chini, "Songa! Songa!" Hapo hujajenga timu, umemfedhehesha mhasibu wako mbele ya wenzake. Project Adventure, shirika la Marekani la mafunzo ya aina hii lililoanzishwa mwaka 1971, ndilo lililoeneza kanuni tunayofanyia kazi: kila mtu hujichagulia changamoto yake, na wenzake wanamheshimu. Kupanda ngazi nusu ukashuka ni kushiriki. Kumshikia mwenzako kamba ukiwa chini, ukivuta ulegevu kila anapopiga hatua, ni kushiriki zaidi kuliko kuvuka haraka bila kumtazama aliye nyuma yako.

Kwa wote, hata wanaojiita majasiri, nasisitiza jambo moja: kabla ya kupanda, ning'inia kwenye hanesi (mkanda wa usalama unaovaliwa mwilini) nusu mita kutoka ardhini, kisha achia mikono. Mwili ukishaonja kwamba mkanda unabeba, huko juu hutaukaba waya. Mameneja hutaka tuiruke hatua hii kuokoa muda. Siiruki.

Kwamba ni kazi ya wenye misuli? Hapana. Wanaojivuta kwa mikono huchoka mapema. Wanaosimama vizuri kwa miguu huvuka.

Kwamba karabina, ile kulabu inayofungia hanesi yako kwenye waya, itakatika? Ya chuma iliyoidhinishwa hustahimili mzigo wa takriban tani 2. Ogopa kufungua kulabu zako zote mbili kwa pamoja. Moja ibaki kwenye waya, daima.

Na tuambie uzito wako wa kweli, maana vifaa vina kikomo na hanesi lazima ikubane juu ya nyonga.

Wengine huamini kamba zitamaliza ugomvi wa ofisini. Hazimalizi, kama hamkukaa baadaye kuulizana nani alisikilizwa na nani alipuuzwa. Kwa hiyo nipeni nusu saa ya mwisho, kabla nyama choma haijaletwa.