Kihisi Kipo, Huduma Haijafika

Kazi yangu ni kutengeneza vifaa vya hospitali na kuhakiki usahihi wake hapa Lubumbashi: monita za chumba cha wagonjwa mahututi, mashine za ECG zinazochora umeme wa moyo, vipimo vya tansio (shinikizo la damu), vibanio vya kidoleni vinavyosoma oksijeni ya damu. Siku hizi, katikati ya vifaa hivyo, watu wananiletea saa janja. Saa zenyewe hazijaharibika. Zinawaka, zinahesabu hatua, zinaonyesha ujumbe wa WhatsApp. Kinachokosekana ni kile hasa kilichomfanya mtu atoe dola zake.

Mama mmoja wa Kamalondo, mwenye tansio ya miaka mingi, aliniletea ya kwake ikiwa bado na katoni. "Baba, banaandika ku karto asema inapima tansio," akaniambia. "Sasa njo wapi?" Nilifungua programu kwenye simu yake, nayo ikajibu kwamba huduma hiyo haipatikani katika nchi aliyopo. Muuzaji hakuwa na jibu, na sidhani alimdanganya kwa makusudi, maana naye alisoma katoni ileile. Swali la mama huyo linastahili jibu kamili. Nyuma yake kuna watu wengi waliotumiwa saa na ndugu walioko Dubai, Afrika Kusini au Ubelgiji, na wanadhani wamepewa saa mbovu.

Tuanze na kilichomo ndani. Geuza saa uitazame mgongoni ikiwa inapima, utaona taa za kijani zikimulika. Damu hunyonya mwanga wa kijani. Kila moyo unapopiga, damu huongezeka kwa kitambo kifupi katika mishipa midogo ya kifundo cha mkono, mwanga unaorudi kwenye kihisi hupungua, na saa huhesabu huko kupanda na kushuka. Kwa oksijeni hutumika mwanga mwekundu na ule wa infraredi, kwa sababu damu yenye oksijeni na damu iliyopungukiwa nayo huunyonya mwanga wa aina hizo mbili kwa viwango tofauti. ECG haitumii mwanga. Kuna kipande cha metali mgongoni mwa saa na kingine pembeni. Ukigusa cha pembeni kwa kidole cha mkono wa pili, umeme mdogo wa moyo hupimwa kati ya mikono miwili kwa sekunde 30. Huo ni mchoro mmoja tu. Mashine ninazozihudumia hospitalini huunganishwa na mwili kwa elektrodi 10 na kutoa michoro 12, moyo ukatazamwa kutoka pande nyingi. Ndiyo sababu daktari akishuku shambulio la moyo huagiza hiyo ya michoro 12, na watengenezaji wa saa wenyewe huandika kwamba saa yao haiwezi kuligundua.

Vihisi hivyo hutoka kiwandani vikiwa kamili. Saa iliyouzwa Seoul na ile iliyouzwa mjini kwetu zinaweza kuwa na taa zilezile na metali ileile. Kinachotofautiana ni programu inayogeuza mawimbi kuwa kauli. "Moyo wako unapiga mara 72 kwa dakika" ni kauli ya namna moja. "Moyo wako una dalili za mpapatiko wa vyumba vya juu" ni kauli ya namna nyingine kabisa, kwa kuwa inataja ugonjwa. Kauli hiyo ya pili huifanya programu kuwa kifaa tiba, na kifaa tiba huombewa kibali kwa mamlaka za kila nchi au kila kanda, kwa ushahidi wa majaribio. Kampuni huanza na masoko yanayolipa zaidi. Sisi tunabaki mkiani.

Tazama ilivyokwenda. Apple ilitangaza saa ya Series 4 yenye ECG mwezi wa 9 mwaka 2018. Wanunuzi wa Marekani waliipata ECG yenyewe mwezi wa 12, na nchi za kwanza za Ulaya zikasubiri hadi mwezi wa 3 mwaka 2019. Samsung ilitoa Galaxy Watch Active2 mwaka 2019 ikiwa na kihisi cha ECG ndani. Marekani huduma hiyo ikafunguliwa mwezi wa 9 mwaka 2020. Kipimo chake cha tansio kilipata kibali Korea Kusini mwaka huo wa 2020, kikaingia nchi nyingi za Ulaya mwaka 2021. Kampuni ya Ufaransa, Withings, ilionyesha saa yake ya ScanWatch mwanzoni mwa 2020, na kibali cha Marekani kikaja mwezi wa 10 mwaka 2021. Hao ni wakubwa, wenye wanasheria na madaktari wa kuwatetea mbele ya mamlaka, na bado wanunuzi wa nchi tajiri walivaa kwa miezi mingi saa ambayo nusu ya sifa zake zilikuwa usingizini.

Sasa linganisha na kipimo cha oksijeni cha Apple Series 6 mwaka 2020. Kilifanya kazi tangu siku saa ilipoingia dukani. Sababu ni kwamba kampuni ilikitambulisha kama kipimo cha ustawi na mazoezi, ikaandika wazi kwamba hakikukusudiwa matumizi ya kitabibu. Hakikuhitaji kibali kile kile cha ECG. Jambo hili nalirudia kwa kila anayekuja mezani kwangu, kwa sababu linashangaza: huduma inayofika haraka mara nyingi ni ile isiyoahidi chochote kuhusu ugonjwa wako, na inayochelewa ni ile iliyothubutu kutaja ugonjwa. Mnunuzi huziona zote mbili katika mstari mmoja wa picha kwenye katoni, zikiwa na rangi moja na ukubwa mmoja, akazipa uzito uleule.

Baadhi ya vijana hapa wananiambia kwamba vibali ni urasimu wa kizungu wa kutuchelewesha. Hapo siwaungi mkono hata kidogo. Mwezi wa 12 mwaka 2020, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha uchunguzi wa wagonjwa wa hospitali za Marekani: upungufu wa oksijeni ambao kibanio cha kidoleni hakikuuona ulijitokeza kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya wagonjwa weupe. Hicho ni kifaa cha hospitali, kilichotumika kwa miongo mingi, chenye kibali. Rangi ya ngozi huathiri mwanga, na kama kifaa kimerekebishwa zaidi kwa ngozi nyeupe, sisi ndio tunaoambiwa tuko salama huku hewa inatuishia. Kwa hiyo ninapodai huduma hizi zifike Kongo, ninadai zifike zikiwa zimejaribiwa kwa watu wenye ngozi kama yetu. Majaribio hayo yakichukua mwaka, yachukue. Kinachoniudhi ni fedha kuchukuliwa kabla.

Tansio nayo ina jambo ambalo katoni hulisema kwa maandishi madogo sana. Saa za Samsung hazibani mkono. Husoma umbo la wimbi la damu, kisha hukadiria namba kwa kulinganisha na vipimo vya kweli ulivyochukua mwanzoni kwa mashine ya kawaida ya mkanda wa mkononi. Unapima mara tatu kwa mkanda, unaingiza namba, na unatakiwa kurudia zoezi hilo kila baada ya siku 28. Tena ni lazima simu yenyewe iwe ya Samsung Galaxy, wakati wengi wetu mifukoni tuna Tecno au Itel. Maana yake ni kwamba hata siku huduma itakapofunguliwa kwetu, mgonjwa asiye na mkanda nyumbani hatapata kitu.

Apple walikwenda njia nyingine mwaka 2025. Saa zao hazitoi namba ya tansio. Hutazama mwenendo wa mishipa kwa siku 30, kisha humwonya mtu akionyesha dalili za tansio ya juu. Naona ni hatua nzuri, kwa sababu Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye tansio hawajijui. Lakini kampuni yenyewe inasema haitawagundua wote, na anayepata onyo anashauriwa kupima kwa mkanda kwa siku saba, kisha apeleke namba hizo kwa daktari. Njia zote mbili zinaishia kwenye mkanda.

Huduma inaweza pia kuondoka baada ya kufika. Apple na kampuni ya Masimo waligombana Marekani juu ya haki za uvumbuzi wa kipimo cha oksijeni, na kuanzia mwezi wa 1 mwaka 2024 saa mpya zilizouzwa na Apple huko zilizimwa kipimo hicho, ingawa taa zake zilibaki ndani. Kilirudi mwezi wa 8 mwaka 2025 kwa mtindo mpya, hesabu ikifanyika kwenye simu badala ya saa. Mtu wa Lubumbashi aliyeletewa saa ya toleo hilo kama zawadi angejuaje? Katika mfano uleule wa saa, namba ndogo ya toleo ndiyo ingemwambia, na hakuna anayemfundisha kuisoma.

Mjini kuna vijana wanaofungua huduma zilizofungwa kwa kuweka programu iliyochezewa. Nimeona kazi yao. ECG inachora, na mchoro hauna kasoro ya wazi, kwa sababu kihisi ni kilekile. Mimi sifanyi kazi hiyo. Programu ya namna hiyo imepita mikononi mwa mtu usiyemjua, inabeba taarifa za moyo wako, na toleo jipya la saa likija inaweza kukatika bila onyo. Kwa mgonjwa aliyezoea kuitegemea, hiyo ni hatari ambayo sitaki kuitia saini.

Lakini yote hayo ni madogo mbele ya saa za bei rahisi zinazodai kupima sukari bila kuchoma kidole. Hizi huduma zake "zipo" tangu siku ya kwanza, ndiyo maana watu huzipenda kuliko zile za kampuni kubwa zinazosema subiri. Tarehe 21 mwezi wa 2 mwaka 2024, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilionya watu wasitumie saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari ya damu bila kutoboa ngozi, ikasema haijaidhinisha hata moja. Nimewahi kuifunga saa ya aina hiyo kwenye kitambaa kilichoviringishwa, ikanipa tansio na sukari ya kitambaa. Mtu wa insulini akiiamini namba ile, anaweza kujichoma dozi ya kumwangusha chini. Nawasihi wenye wazazi wenye kisukari: kijisindano na karatasi ya kipimo ndivyo vya kutumia, na saa kama hiyo itoeni nyumbani.

Kwa anayetaka kununua saa ya heshima, namwambia hivi. Kila kampuni kubwa ina orodha ya nchi kwa kila huduma, na orodha ya ECG siyo orodha ya tansio wala ya usingizi. Itafute kabla ya kutoa fedha, utazame jina la Kongo, Kinshasa, maana Kongo-Brazzaville ni nchi nyingine na wauzaji huchanganya. Tazama simu inayotakiwa. Tazama umri, maana ECG ya Apple haikukusudiwa walio chini ya miaka 22. Kisha mwambie muuzaji aiwashe huduma hiyo mbele yako, kwenye simu yako, ukiwa bado umeshika dola zako. Neno "itakuja" ulihesabu kuwa "haipo", kwa sababu betri ya saa haisubiri. Inachakaa kila inapochajiwa, na baada ya miaka miwili mitatu unaweza kuwa na kibali kipya juu ya saa isiyomaliza siku.

Kama ugonjwa wako ni tansio, anza na mashine ya mkanda wa juu ya kiwiko, ya umeme wa betri, iliyomo katika orodha ya STRIDE BP ya mashine zilizohakikiwa. Mkanda uutoshe mkono wako. Mdogo kupita kiasi hupandisha namba. Keti dakika tano bila kuongea, mgongo umeegemea, mkono ukiwa usawa wa moyo. Ukirudia kuona namba ya juu ikiwa 140 au zaidi, au ya chini ikiwa 90 au zaidi, nenda hospitali na daftari lako.

Na waagizaji wa mizigo wa hapa mjini wana uwezo wa kufanya jambo bila kungoja mtu. Karatasi moja ya kubandika juu ya katoni, kwa Kifaransa na Kiswahili, iseme ni huduma zipi zinafanya kazi Kongo leo na kwa simu gani. Niko tayari kukaa nao na kuzijaribu saa moja moja kabla hazijapangwa dukani, bila malipo. Waliokwisha kununua wasizitupe: mapigo ya kupumzika, saa ya kulala na saa ya kuamka ni taarifa zinazomsaidia daktari. Moyo ukienda mbio ghafla, andika muda na namba uliyoiona, uende nayo kliniki ukapimwe kwa mashine ya michoro 12.