Panya na simbilisi banda moja? Majibu kwa maswali ninayoulizwa kliniki

Wanaoletwa kwangu kwa shida hii hufanana. Simbilisi kajikunyata ndani ya boksi la viatu, manyoya yamesimama, hajala tangu juzi. Nikiuliza anaishi na nani, naambiwa: "Na panya mweupe wa mtoto, lakini wamezoeana." Mimi ni daktari wa wanyama, na hilo neno "wamezoeana" limeanza kunichosha. Haya ndiyo maswali yanayojirudia.

Dokta, panya wa kufuga na simbilisi wanaweza kukaa pamoja?

Hapana. Si banda moja, wala si kuachiwa sebuleni jioni "wacheze kidogo" huku mtu anaangalia simu.

Simbilisi ni mla majani. Hajui kupigana, akitishwa hukimbia, na akikosa pa kukimbilia huganda. Panya anakula kila kitu, nyama ikiwemo, na shughuli zake nyingi huzifanya usiku. Watu wanadanganywa na ukubwa: simbilisi mzima ana gramu 700 hadi kilo moja na zaidi, panya ana gramu 300 au 500, basi wanadhani mkubwa atajitetea. Hajitetei. Na simbilisi jike akizaa, vitoto vyake vina gramu 60 hadi 100 tu kila kimoja. Kwa panya, hicho ni kitoweo.

Mbona wangu wanalala pamoja miezi sasa na sijaona ugomvi?

Hujaona kwa sababu ulikuwa umelala. Halafu, simbilisi anayeganda pembeni bila kutikisika huku panya anampanda mgongoni hajastarehe, ameogopa. Mnyama anayewindwa huficha maumivu, maana porini anayeonekana dhaifu ndiye anayeliwa kwanza. Kwa hiyo atakula kidogo, atatulia, nawe utasema ana tabia nzuri.

Nikimweka mezani ndipo mambo hujitokeza. Natenganisha manyoya nyuma ya sikio kwa vidole viwili, naona vitundu viwili vidogo vimekaribiana, vimeshafunga kigaga juu. Ukibonyeza pembeni, chini kuna uvimbe, na usaha unaotoka ni mzito kama maziwa mgando. Mwenye mnyama anashangaa: "Jamani, mbona hakulia?" Mara nyingine ni ncha ya sikio imemeguka, au kidole cha mguu wa nyuma kimetafunwa.

Nikikuta ameng'atwa nifanye nini?

Mtenge na panya saa hiyohiyo. Osha kidonda kwa maji safi ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, mweke mahali pakavu penye majani na maji, kisha mlete kliniki au mpeleke kwa daktari wa mifugo aliye karibu. Siku hiyohiyo. Hata kama kidonda ni kidogo, hata kama bado anakula. Jino la panya ni jembamba na linaingia ndani. Juu panaziba, chini panaoza.

Na tafadhali, acheni kufungua kapsuli ya antibiotiki na kumwagia unga wake kwenye kidonda. Najua mnawafanyia hivyo hata watoto wenu waliochubuka magoti. Simbilisi hujilamba, na mwenzake humlamba, na huo unga unaishia tumboni.

Kuna amoksilini ya mtoto imebaki kwenye chupa. Nikimpa kidogo tu?

Hapana. Usimpe.

Ngoja nieleze, maana hapa ndipo simbilisi wengi wanapofia, na wanauawa na watu wanaowapenda. Tumbo la simbilisi linategemea bakteria wema wanaosaga majani. Amoksilini, ampisilini na penisilini nyingine za kumeza zinawafyeka hao bakteria, halafu wabaya wa kundi la klostridia wanabaki peke yao, wanazaliana na kutoa sumu. Siku chache baadaye anaharisha, anapoa, anakufa. Mwenye mnyama anasema, "Dawa ilichelewa." Dawa haikuchelewa, dawa ndiyo iliyomuua.

Hata robo ya kijiko?

Hata tone. Zipo antibiotiki ambazo tumbo la simbilisi linazistahimili, na daktari atazichagua na kupima kwa uzito wake. Usichague wewe, na asichague muuza duka la dawa, ambaye pengine hajawahi kumshika simbilisi maishani mwake. Panya, kwa upande wake, anaistahimili amoksilini vizuri tu. Ndiyo maana mtu aliyewahi kumtibu panya wake akapona hushawishika kumpa na simbilisi. Usishawishike.

Basi nisubiri hadi kesho nione kama atakula?

Usisubiri. Simbilisi hana kesho ya kusubiriwa.

Utumbo wake unatakiwa uwe na chakula kinachotembea muda wote. Akikaa saa kumi na mbili bila kula, utumbo unaanza kusimama. Tumbo linajaa gesi, maumivu yanamzuia kula zaidi, na kutokula kunazidi kuusimamisha. Angalia vinyesi asubuhi: vikiwa vichache, vidogo, vimekauka, tayari kuna tatizo. Ukisikia anasaga meno, au akikaa amejikunja na hasogelei hata mchicha, hiyo ni dharura. Narudia, maana kila wiki naletewa wa siku ya tatu: asiyekula leo aonwe leo. Ijumaa jioni nayo ni leo, usiniletee Jumatatu.

Kama hawajang'atana, kuna magonjwa?

Yapo, na panya huyabeba akiwa mzima kabisa. Puani na kooni mwake anaweza kuwa na bakteria anayeitwa *Bordetella bronchiseptica*, asiyemsumbua sana yeye lakini humpa simbilisi nimonia kali. Sungura na mbwa nao humbeba, kwa hiyo wale wa "sungura na simbilisi banda moja" mjue sijawasahau. Kinywani mwa panya kuna mwingine, *Streptobacillus moniliformis*, anayeweza kumwotesha simbilisi majipu shingoni.

Halafu kuna mkojo. Homa ya mgunda mnaikumbuka: Julai 2022 kule Ruangwa, Lindi, watu waliugua na wengine kutokwa damu puani, taharuki ikatanda nchi nzima, na Wizara ya Afya ikatangaza wagonjwa 20 na vifo 3. Vimelea vyake hutoka kwenye mkojo wa wanyama, na panya ni mbebaji mkubwa. Simbilisi huathirika navyo vibaya sana, na wewe unayesafisha banda kwa mikono mitupu yenye michubuko unaweza kuambukizwa pia. Vaa glavu, nawa kwa sabuni, na usifagie pumba kavu hadi vumbi likakujaa puani.

Kwetu Bukoba simbilisi wanaishi jikoni, na wazee husema wanafukuza panya. Si kweli?

Wazee nawaheshimu, ila hapana. Panya wa nyumbani hamwogopi simbilisi. Anayafuata maganda ya ndizi na mabaki ya chakula mliyomwagia, na usiku wanakula sahani moja. Fugeni jikoni kama ndiyo desturi, lakini jioni wawekeni kwenye kizimba kilichoinuliwa, chenye wavu wa nusu inchi (matundu makubwa zaidi hayazuii panya mdogo), na ondoeni mabaki kabla ya kulala.

Naweza kuwapa chakula kimoja?

Hapana. Simbilisi, kama binadamu, mwili wake hautengenezi vitamini C, panya anajitengenezea. Chakula cha panya hakina hiyo vitamini, na wiki mbili tu zinatosha simbilisi kuanza kuvimba viungo na fizi kuvuja damu. Mpe majani mabichi na makavu muda wote, pamoja na pilipili hoho kila siku.

Shikamoo Dokta. Mimi nasoma darasa la tano. Nikimtoa panya, simbilisi wangu hatakuwa mpweke?

Marahaba, mwanangu. Umeuliza vizuri kuliko wakubwa. Ndiyo, atakuwa mpweke, na dawa yake ni simbilisi mwenzake. Kule Uswisi, tangu 2008 sheria inakataza kumfuga simbilisi peke yake. Mwombe mama akutafutie jike wa pili kama wako ni jike. Mgeni akae kizimba cha pembeni wiki mbili kwanza tuone kama haumwi, ndipo uwakutanishe.

Mwanangu alikuwa anawaamua, panya akamng'ata. Amepona kidonda lakini ana homa.

Acha kusoma, nenda hospitali sasa. Na ukifika sema wazi: "Aling'atwa na panya," hata kama ni wiki mbili zilizopita, maana usiposema watampima malaria, haitaonekana, mtarudishwa nyumbani na panado.

Homa ya kung'atwa na panya kwa kawaida huanza siku ya tatu hadi ya kumi, wakati mwingine hata wiki ya tatu, kidonda kimeshapona. Huja na baridi, maumivu ya viungo, na vipele hasa mikononi na miguuni. Isipotibiwa inaweza kuua. Ikitibiwa mapema inapona, na dawa inayotumika ni penisilini, ileile niliyokukataza kumpa simbilisi. Ndiyo sababu nasema kila kiumbe apelekwe kwa daktari wake.

Kwa aliyeng'atwa leo: maji yanayotiririka na sabuni dakika kumi na tano, kisha kituo cha afya waangalie kidonda na chanjo ya pepopunda. Siku hiyohiyo, kama nilivyosema kwa simbilisi.

Kwa hiyo huyu panya nimtupe?

Nani kasema? Panya ni mnyama mwenye akili nyingi. Pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, panya buku wanafundishwa kunusa mabomu ya kutegwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Wako mtafutie kizimba chake, chumba kingine ikiwezekana, na panya mwenzake wa jinsia ileile, la sivyo baada ya siku 21 hadi 23 utakuwa na panya kumi. Ila usimwachie jalalani. Amezoea kulishwa, hataweza kuishi huko, na akiishi atarudi jikoni kwa jirani.