Daraja lisilokwisha la Cape Town: hesabu hazikukosewa

Mgeni akionyeshwa barabara ya juu ya Foreshore, eneo la Cape Town lililo kando ya bandari, iliyokatika hewani, hasimuliwi ila hili: walijenga kutoka pande mbili, kufika katikati vichwa vikapishana. Eti mhandisi akajiua kwa aibu. Maneno ya mtaani hayo, na yamechosha.

Barabara ya juu haijengwi kwa kukisia. Kabla shimo la kwanza halijachimbwa, kila nguzo ina vipimo vyake vya mahali kwenye mchoro, vyote vimetoka kwenye alama zilezile za upimaji. Mpimaji anahakiki kabla msingi haujamwagwa zege, anahakiki nguzo ikisimama, anahakiki tena kabla ya sakafu ya barabara. Kupishana kwa kiasi kinachosimuliwa kungejulikana chini, kwenye msingi. Halafu vichwa vyenyewe havikukaribiana. Kati yake kuna pengo kubwa. Utapishanaje na usiyemfikia?

Kilichokatika ni njia za nje tu. Za ndani zilikamilika, nazo ndizo zinazobeba magari hadi leo. Ujenzi ulisimama 1977 kwa sababu fedha zilikuwa finyu, na magari ya wakati ule hayakulazimisha njia za ziada. Hayo tu. Usihukumu kutoka dirishani mwa gari, kwenye kona macho hudanganya. Fungua picha ya setilaiti, anzia Buitengracht Street uelekee mashariki, ufuate njia za nje mpaka zinapokatika.

Uvumi mwingine upo pia. “Daraja lilikwama kwa sababu mwenye duka aligoma kuuza kiwanja.” Foreshore ni bahari iliyofukiwa miaka ya 1930 na 1940, kwa kifusi kilichochimbwa baharini wakati wa kujenga gati la Duncan Dock. Duka gani la urithi hapo?

“Imeachwa makusudi kwa ajili ya filamu.” Kamera zilifuata baadaye. Na manispaa ilitaka eneo hilo liendelezwe: iliita wawekezaji 2016, ikamtangaza mshindi Februari 2018, ikafuta mchakato mzima Julai mwaka huohuo.

“Nelson Mandela Boulevard ni barabara mpya.” Ni ileile Eastern Boulevard, njia ya barabara kuu ya kitaifa N2, inayoungana na barabara hii ya juu. Table Bay Boulevard nayo, upande wa N1, ilipewa jina la F.W. de Klerk baada ya uamuzi wa baraza la jiji 2015. Namba hazikuguswa. Kwa hiyo ukisoma ramani au ripoti ya miaka ya 1970, tafuta kwa namba au kwa majina ya zamani. Wanaotafuta “Mandela” hawaoni kitu, kisha wanadai barabara haikuwapo.