Kampuni ya Boti Ikikuvunja Moyo: Dhana Potofu na Ukweli kwa Msafiri wa Ziwa Kivu

Kati ya Goma na Bukavu, miji miwili ya Kongo iliyo kwenye ncha mbili za Ziwa Kivu, kuna takriban kilomita 100 za maji. Boti ya kasi huzimaliza kwa saa tatu hivi, ilhali meli kubwa zinazobeba abiria pamoja na magunia hutumia muda mrefu zaidi, na nyingine husafiri usiku kucha. Njia hii hutumiwa na mama mfanyabiashara, mwanafunzi, mgonjwa anayepelekwa kwa daktari, na hata familia inayotaka tu kupumzika kisiwani Idjwi. Ni wachache katika miji hii miwili ambao hawajawahi kushuka gatini wakiwa na hasira: boti ilichelewa bila maelezo, kiti cha daraja la juu kilichokwisha kulipiwa kilikaliwa na mtu mwingine, mizigo ililowa, au injini ilizima katikati ya ziwa. Baadaye safari nyingine hulazimu, na swali huwa ni kama kampuni ileile ipewe nafasi ya pili. Mengi yanayosemwa bandarini kuhusu swali hilo hayasimami yakichunguzwa, na baadhi yake ni ya hatari, kwa kuwa humfanya msafiri akasirikie jambo dogo na kusamehe lililo kubwa.

Dhana: Kampuni iliyoniudhi mara moja haifai tena

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na hakuna wa kumlaumu. Hata hivyo, ukali wa hasira haupimi ukubwa wa kosa. Kabla ya kuamua, inafaa kuuliza jambo lililoharibika lilitoka wapi. Yapo yanayotoka nje kabisa ya uwezo wa kampuni. Wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, upepo wa kusini huvuma kwa nguvu zaidi juu ya Ziwa Kivu, na nahodha anayekataa kung'oa nanga wakati mawimbi yamepanda anastahili shukrani, hata kama abiria wamekaa juu ya mizigo yao tangu alfajiri. Mwanzoni mwa 2025, mapigano yalipoifikia Goma na kisha Bukavu, usafiri wa boti kati ya miji hii ulisimama, na hakuna kampuni ambayo ingeweza kulaumiwa kwa hilo. Inachoweza kuulizwa ni ilifanya nini na nauli za watu waliokwisha kulipa.

Yapo pia yanayotokana na mtumishi mmoja: karani mwenye maneno makali, mpakiaji aliyetupa sanduku, mhudumu aliyeuza kiti kimoja mara mbili. Haya huumiza na hukumbukwa kwa muda mrefu, lakini hurekebishika, kwa sababu msimamizi makini anaweza kuyamaliza kwa siku moja.

Aina ya tatu ni maamuzi ya mwenye boti: kupakia kupita kiasi, kuondoka bila jaketi za kuokolea maisha zinazowatosha abiria wote, kusafiri na injini inayojulikana kuwa mbovu, kuanza safari wakati mbingu imeshafunga. Hapa hakuna bahati mbaya wala mtumishi wa kusingiziwa, kwa kuwa kila uamuzi wa namna hiyo umefanywa na mtu aliyehesabu faida. Jambo linalonishangaza ni kwamba aina hii ya tatu ndiyo inayosamehewa kwa urahisi zaidi. Mtu atahama kampuni kwa sababu alipewa chai baridi, lakini ataendelea kupanda boti iliyompakia pamoja na abiria wasiokuwa na viti, mradi ilifika salama na kwa wakati.

Dhana: Ziwa lenyewe lina gesi, kwa hiyo boti ikipinduka si kosa la mtu

Ni kweli kwamba Ziwa Kivu, lenye kina kinachokaribia mita 480, limebeba gesi nyingi sana: takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na takriban 60 za methani. Lakini gesi hiyo imeyeyuka katika maji ya chini kabisa, na imebanwa huko na uzito wa maji yaliyo juu yake. Upande wa Rwanda, karibu na Kibuye, mtambo wa KivuWatt hulazimika kuteremsha mabomba hadi kina cha mamia ya mita ili kuipata gesi hiyo na kuzalisha umeme wa megawati 26. Wanasayansi wanaifuatilia hatari ya gesi hiyo kulipuka kwa mkupuo, na wana sababu ya kufanya hivyo, lakini hiyo siyo inayopindua boti iliyojaa watu karibu na gati.

Kinachopindua boti ni uzito uliozidi, mizigo iliyorundikwa juu, watu waliokimbilia upande mmoja, na mawimbi yaliyokikuta chombo kimekwisha kuelemewa. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti MV Merdi, iliyotoka mji wa Minova, ilipinduka ikiwa karibu kabisa kufika bandari ya Kituku, hapa Goma, mbele ya macho ya watu waliokuwa wakiisubiri. Mamlaka zilisema ilikuwa na abiria 278, na walioshuhudia walieleza kwamba ilikuwa imejaa kupita kiasi. Makumi ya watu walikufa, na idadi zilizotolewa siku zile zilitofautiana sana, jambo linaloonyesha thamani ya karatasi ya majina ya abiria ambayo wengi wetu huiona kuwa usumbufu wa bure. Tusisahau kwamba wakati huo vita vilikuwa vimekata barabara ya kutoka Goma kwenda Minova, na wafanyabiashara wengi hawakuwa na njia nyingine ya kupitisha vyakula. Hali hiyo inaeleza kwa nini watu walijaa botini, lakini haiufanyi uamuzi wa kuwapakia wote kuwa kazi ya ziwa. Kampuni inayojibu kila swali kwa kulitaja ziwa, upepo au mapenzi ya Mungu haijajibu swali.

Dhana: Wamenipa tiketi ya bure, kwa hiyo wamejirekebisha

Tiketi ya bure au punguzo la nauli huonyesha kwamba kampuni inakutaka urudi, wala haionyeshi kwamba kilichoharibika kimetengenezwa. Biashara hii inafanana duniani kote. Mwaka 2020, janga la korona lilipozisimamisha meli za kitalii, kampuni kadhaa kubwa za Marekani ziliwapa wateja wao chaguo: kurudishiwa fedha zao taslimu, au kupokea hati ya safari ijayo yenye thamani ya asilimia 125 ya walicholipa. Wengi waliona hiyo asilimia 25 ya ziada kuwa ukarimu. Ukweli ni kwamba kampuni zilikuwa zinahitaji fedha zile zibaki mikononi mwao, na hati zenyewe zilikuwa na tarehe ya mwisho ya kutumika. Aliyechukua taslimu alibaki huru kuchagua. Aliyechukua hati alikuwa amekwisha kuamua kurudi kabla hajajua kama kampuni inastahili.

Kwetu sisi mambo ni madogo zaidi lakini mantiki ni ileile. Kampuni ikikupa nafasi ya bure katika boti ileile ambayo injini yake ilizima, uliza kwanza injini ilikuwa na tatizo gani, nani aliitengeneza, na tangu hapo imefanya safari ngapi bila matatizo. Mwenye kampuni aliyetengeneza kitu kwa gharama kubwa huwa na hamu ya kukisimulia. Anayekasirika kwa kuulizwa amekupa jibu pia.

Dhana: Nikihamia kampuni nyingine, tatizo limekwisha

Kubadilisha jina lililoandikwa kwenye tiketi si sawa na kubadilisha hatari. Katika meli kubwa za kitalii, Princess, Holland America, Costa na Cunard zote ni mali ya Carnival Corporation, kwa hiyo mteja anayeikimbia moja kwa hasira na kuingia katika nyingine huenda bado anamlipa bwana yuleyule. Kwenye Kivu umiliki ni wa namna nyingine, lakini fundisho halibadiliki: boti inaweza kuuzwa na kupakwa rangi mpya, nahodha anaweza kuhama na tabia zake, na kampuni mbili zinazoshindana zinaweza kutumia fundi mmoja. Linalofaa kujulikana ni chombo gani kitaondoka siku hiyo na nani atakiendesha. Taarifa hizo hupatikana kwa wapakiaji na wauza chakula wa bandarini, ambao huziona boti kila siku na kwa kawaida hawana sababu ya kuzisifu bure.

Uchunguzi wa namna hii hauna gharama kubwa. Nenda bandarini siku ambayo husafiri, usimame gatini na kuitazama kampuni ile iliyokuudhi ikipakia. Tazama kama majina yanaandikwa na watoto wanahesabiwa, kama abiria wanaokuja baada ya boti kujaa wanakataliwa au wanavutwa ndani kwa mkono, kama jaketi ziko karibu na viti au zimefungwa kwa kamba mahali pasipofikika. Nusu saa ya kutazama hivyo itakueleza mengi kuliko msamaha wowote ulioombwa ofisini.

Dhana: Meli kubwa na nauli kubwa ndio usalama

Daraja la juu hununua kiti laini, nafasi ya miguu na pengine chakula. Abiria wa daraja la juu na yule aliyekaa juu ya magunia wamo ndani ya chombo kimoja, na chombo kikizidiwa kinawazidia wote wawili. Hata ukubwa wenyewe si kinga. Meli ya kitalii Costa Concordia ilikuwa na watu zaidi ya 4,000 usiku wa tarehe 13 Januari 2012 ilipogonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, na watu 32 walikufa. Mamia ya abiria waliopanda siku hiyo walikuwa bado hawajafanya mazoezi ya kuokoka, kwa sababu sheria ya wakati huo iliruhusu yafanyike baada ya meli kuondoka. Kanuni za kimataifa zilibadilishwa, na tangu 2015 abiria wapya wa meli za namna hiyo lazima wafanye mazoezi kabla ya meli kung'oa nanga au mara tu inapoondoka.

Sisi tulipata agizo letu pia. Aprili 2019, baada ya boti kuzama upande wa Kalehe na watu wapatao 150 kutojulikana walipo, Rais Félix Tshisekedi aliagiza kwamba abiria wa ziwani wavae jaketi za kuokolea maisha. Kampuni inayolifuata agizo hilo siku ambayo hakuna mkaguzi gatini imenishawishi zaidi kuliko ile yenye televisheni katika chumba cha abiria.

Dhana: Haijawahi kuzamisha boti, basi haina tatizo

Kila boti iliyozama ilikuwa haijawahi kuzama. Kupakia kupita kiasi huweza kufanikiwa mara nyingi, na kila mafanikio humpa nahodha ujasiri wa kuongeza abiria wengine.

Dhana: Kulalamika ni kupoteza muda

Wanaosema hivi wanalinganisha na nchi ambako malalamiko yana nguvu ya sheria. Katika Umoja wa Ulaya, Kanuni namba 1177 ya mwaka 2010 inampa abiria wa majini haki ya kudai asilimia 25 ya nauli pale ambapo safari isiyozidi saa nne imechelewa kufika kwa saa moja au zaidi, na asilimia 50 ikiwa ucheleweshaji umezidi saa mbili, isipokuwa pale hali ya hewa ilipoifanya safari kuwa ya hatari. Kanuni hiyo haifiki Kivu. Lakini lalamiko lina kazi nyingine mbali na kudai fedha: ndiyo njia bora ya kuipima kampuni unayofikiria kuirudia. Andika barua fupi yenye tarehe, jina la boti, namba ya tiketi na jambo moja unalodai, uipeleke ofisini kwao mwenyewe, na uombe nakala yako igongwe muhuri. Usichanganye mambo kumi katika barua moja, maana watajibu lililo jepesi na kuyaacha mengine. Kisha subiri. Kampuni iliyorudisha nauli kamili kwa safari isiyofanyika, bila kukuzungusha kati ya dirisha na dirisha, imeonyesha kwamba ina hesabu na ina mtu anayewajibika. Iliyopokea barua na kunyamaza imeonyesha itakavyokutendea siku ya tatizo kubwa zaidi.

Dhana: Hatuna chaguo

Dhana hii ndiyo ngumu kuliko zote kuijibu, kwa sababu ina ukweli ndani yake. Barabara inayozunguka ziwa kupitia Sake, Minova na Kalehe ina takriban kilomita 200, ni mbovu, na imefungwa na vita mara nyingi. Mtu mwenye mgonjwa hawezi kuambiwa asubiri kampuni bora izaliwe. Hata hivyo, kati ya kuirudia kampuni kwa moyo wote na kuisusia kabisa kuna nafasi pana. Unaweza kuirudia kwa safari ya mchana na kuikataa kwa safari ya usiku, au ukakubali meli yao kubwa na kuikataa boti yao ndogo. Unaweza kusafiri peke yako kwanza kabla ya kuwapeleka watoto, na kutuma mizigo isiyooza kwa chombo kingine ili usiwe na sababu ya kung'ang'ania safari iliyojaa. Unaweza pia kulipa nauli ya kwenda tu, hata kama tiketi ya kwenda na kurudi ni nafuu zaidi, ili uamuzi wa kurudi nao ufanyike Bukavu, ukiwa umekwisha kuona jinsi walivyokuleta.