Gari la kufunua paa: maana yake, na namna ya kuliwasha, kulitembeza na kulipaki

Jumamosi ya harusi mjini Kigoma unaijua kwa honi. Msafara unatoka Mwanga, unashuka Barabara ya Lumumba kuelekea stesheni, tarumbeta zinalia juu ya pikapu, na siku hizi katikati ya msafara unaweza kukuta gari lisilo na paa, maharusi wamesimama ndani wanapunga mikono. Watu wanatoka madukani kutazama, na wana haki, kwa kuwa gari la namna hiyo si la kila siku huku kwetu. Mimi jicho langu huenda kwenye miguu ya waliosimama. Wamekanyaga kiti, hawana mkanda, na barabara ile ni mteremko.

Nayaandika haya kwa mwenye gari hilo, aliyeliazima, au aliyekodi kwa siku moja. Anayejua kuendesha gari la kawaida hudhani hili ni lilelile, limevuliwa kofia tu. Sivyo. Paa lake ni mtambo unaoendeshwa, kama gia na breki, na una masharti yake.

Gari la kufunua paa ni lile lililoundwa kiwandani paa lake liweze kukunjwa, kufichwa nyuma, kisha kurudishwa mahali pake. Wapo wanaoliita gari la wazi; wauza magari husema konvatibo au kabrioleti. Yako mapaa ya turubai nene lililotandazwa juu ya mbavu za chuma, na yako mapaa magumu ya bati yanayojigawa vipande na kuingia ndani ya buti. Hili la bati si jipya kama linavyoonekana. Peugeot waliuza gari la paa gumu linalojificha kwenye buti mwaka 1934, na aliyelibuni, Georges Paulin, alikuwa daktari wa meno.

Kidirisha cha kioo juu ya dereva hakilifanyi gari kuwa la kufunua paa. Wala gari lililokatwa bati kwa grainda uani kwa fundi. Hapa ndipo ilipo tofauti inayohusu uhai wa mtu. Chukua ndoo ya mawese ya lita 20, ifunge mfuniko wake vizuri, kisha jaribu kuubana mdomo wake kwa mikono miwili. Inagoma. Ondoa mfuniko ubane tena, mdomo unakuwa yai. Paa la bati la gari la kawaida hufanya kazi ya ule mfuniko: linashikilia nguzo za milango, na gari likipinduka linapunguza kubonyea. Kiwanda kinapounda gari bila mfuniko huo, hulipa deni lake kwingine. Sakafu huongezewa vyuma, kingo za chini ya milango hufanywa nene, fremu ya kioo cha mbele huimarishwa, na magari mengi huwekewa vyuma vya kukinga vichwa nyuma ya viti. Ndiyo maana gari hili mara nyingi ni zito kuliko ndugu yake mwenye bati. Anayekata bati uani hajalipa deni lolote, na usipande gari lake.

Hata gari la kiwandani halina uimara wote wa lile la bati. Kwenye barabara yenye makorongo utaliona linatetema, usukani na fremu ya kioo vinacheza kidogo. Hiyo ni tabia yake, punguza mwendo. Ukilipiga jeki, funga milango kwanza, maana likiinuliwa upande mmoja mwili wake unaweza kujipinda kidogo na mlango uliokuwa wazi ukakataa kurudi.

Sasa kuliwasha. Ingia, funga mlango, hakikisha hendibreki imevutwa. Kama ni otomatiki, gia iwe P na mguu uwe kwenye breki. Kama ni la klachi, weka huru na ukanyage klachi hadi chini. Zungusha ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake, zipe sekunde mbili tatu, ndipo upige stata. Lisipowaka ndani ya sekunde chache, acha, lipumzike, jaribu tena. Kuishikilia stata kwa muda mrefu ni kuichosha pamoja na betri. Mpaka hapa hakuna jipya.

Jipya linaanza na betri hiyohiyo. Paa la umeme huinuliwa na mota, mara nyingi kwa kusaidiwa na pampu ya mafuta ya haidroliki (si petroli), na mota hiyo hula umeme mwingi. Ukifunua na kufunga mara mbili tatu injini ikiwa imezimwa, unaweza kubaki na gari lisilowaka na paa lililosimama hewani kama mwavuli ulioharibika. Kwa hiyo paa huendeshwa injini ikinguruma. Na hapo hapo inazaliwa hatari nyingine. Mtu ana banda lake la gari, nje kuna mvua ya masika, anaamua kuliwashia ndani huku mlango wa banda umefungwa ili alifunue na kulikausha. Moshi wa eksozi una monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua mtu akidhani anasinzia tu. Paa kuwa wazi hakumsaidii kitu, kwani hewa ya ndani ya gari na ya ndani ya banda ni moja. Toa gari nje kwanza, ndipo ushughulike na paa.

Ukiwa nje, tazama juu. Paa halirudi nyuma limelala. Linainuka kwa upinde, linapita juu kabisa kuliko urefu wa gari lenyewe, ndipo linashuka. Tawi la mwembe lililokuacha uingie kwa amani linaweza kuchana turubai likiwa njiani. Tazama na nyuma, kwa sababu magari ya paa gumu hufungua mfuniko wa buti kuelekea nyuma, na ukuta ulio karibu utaugonga. Simama tambarare, vuta hendibreki, gia P au huru. Yapo magari yanayoruhusu paa kusogea gari likitembea polepole, lakini mwendo huo umeandikwa kwenye kitabu cha gari, na kama huna kitabu, simama kabisa. Hesabu vidole vya watoto viko wapi. Zile mbavu za chuma zinajikunja kama mkasi.

Halafu buti. Hili ndilo kosa ninaloliona huku kuliko yote. Binti mmoja alikuja na gari la turubai, jekundu, zuri kabisa, akisema paa limegoma nusu ya safari. Tukafungua buti: dumu la mawese, limesimama wima, na mfuko wa dagaa juu yake.

"Dada, hili dumu lilikuwa humu ulipobonyeza?"

"Lilikuwepo, kaka. Si buti?"

Ni buti, lakini ni nyumba ya paa vilevile. Kwenye magari mengi kuna pazia au kizuizi kinachovutwa ndani ya buti kuonyesha mzigo uishie wapi. Chini yake ni pako, juu yake ni pa paa. Pazia lisipovutwa, magari ya kisasa hukataa kufunua, na mtu hudhani ni ubovu. Ya zamani hayaulizi, yanalikunja paa juu ya mzigo na kupinda vyuma. Vya huyu dada vilipinda. Vilinyooshwa, lakini mpaka leo paa linahitaji msaada wa mkono pale mwisho. Mwenye safari ya kubeba mzigo wa sokoni afunge paa lake na aliache limefungwa.

Ukianza kulisogeza, limalize. Kuliachia katikati na kuzima gari ni kuacha uzito wote ukining'inia kwenye mabomba ya mafuta, na taratibu litashuka lenyewe. Likiwa turubai lenye maji, liache likauke kabla ya kulikunja, la sivyo utafungia unyevu na kuvu. Magari ya zamani ya turubai, kama baadhi ya Mazda MX-5, yana dirisha la nyuma la plastiki lenye zipu. Fungua zipu kwanza, ulilaze taratibu, kwa sababu plastiki iliyokakamaa kwa jua hupasuka kwenye mkunjo. Na vumbi letu jekundu usilifute kwenye plastiki hiyo kwa kitambaa kikavu. Mwaga maji kwanza, vinginevyo unaisugua kwa msasa.

Baada ya kufunga, hakikisha komeo za pale juu ya kioo cha mbele zimeshika. Gari lenye paa la umeme litakuonyesha taa kwenye dashibodi au kukupigia kengele. Lenye paa la mkono linakutegemea wewe, shika ukingo wa paa usukume juu. Likisogea, halijafungwa. Upepo wa kasi ukiingia chini ya paa lililolegea hulinyanyua kama tanga, likakuziba macho yote ya nyuma au likang'oka.

Barabarani, mkanda. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ipo, na askari wa barabarani wapo, lakini niache hayo. Mkanda ndani ya gari hili una kazi ya ziada: ndio unaokuweka chini ya ule ukingo wa vyuma vya kukinga kichwa. Vyuma hivyo havina maana kwa mtu aliyerushwa nje, wala kwa aliyeketi juu ya mgongo wa kiti. Kuhusu maharusi waliosimama, piga hesabu hii ndogo. Mwendo wa kilomita 20 kwa saa, ambao kila mtu huuita wa kutambaa, ni zaidi ya mita 5 kwa kila sekunde. Bodaboda ikikatiza mbele pale mteremkoni, dereva anabana breki, gari linasimama, na bibi harusi anaendelea kwa mwendo uleule kupitia juu ya kioo. Namwomba yeyote anayeendesha gari la harusi akatae kutembea na watu waliosimama. Wanaotaka picha wasimame gari likiwa limepakiwa tambarare, injini imezimwa, wapigwe picha mia. Kisha waketi, wafunge mikanda, waende. Wakiketi tu bado tutawaona vizuri, hakuna paa linalowaficha.

Paa likiwa limefungwa, tatizo linageuka. Turubai la pembeni nyuma ni pana na dirisha la nyuma ni dogo, kwa hiyo kuna eneo kubwa usiloliona. Unaporudi rivasi, vioo vya pembeni havitoshi. Geuza kichwa, na kama mahali pana watoto au mbuzi, mwombe mtu asimame nyuma akuongoze.

Kulipaki Kigoma ni somo lenyewe, maana mji umejengwa kwenye vilima vinavyoshukia ziwani. Watu wengi wa otomatiki husimama, hutupa gia kwenye P, huvuta hendibreki mwisho, wakati mwingine hawaivuti kabisa. Ndani ya giaboksi, P ni kijino cha chuma kinachoingia kwenye gurudumu lenye meno. Hakikuwekwa kibebe uzito wa gari lote kwenye mteremko. Fanya hivi: kanyaga breki, weka huru, vuta hendibreki, achia mguu polepole gari liegemee hendibreki, kanyaga tena, ndipo uweke P. Utajua umepatia kwa sababu asubuhi gia itatoka laini, bila ule mshtuko wa "kah!" Gari la klachi liachie gia namba moja kama pua inatazama mlimani, rivasi kama inatazama bondeni.

Tairi za mbele zigeuze kuelekea ukingo wa barabara, kushoto, ili likiponyoka liende pembeni na si katikati ya watu. Hilo ni kwa mteremko wowote usio na ukuta wa lami, yaani ule ukingo ulioinuka kandokando ya lami. Penye ukuta wa lami na pua ikitazama mlimani, geuza kulia, ili likirudi nyuma tairi iegemee ule ukuta. Lakini penye mtaro mrefu wa mawe kandokando usilipaki kabisa, kwa kuwa pembeni hapo ni shimo.

Jua na mwembe vyote ni adui, chagua mmoja. Juani turubai hupauka na chuma cha mkanda huunguza mtoto. Chini ya mwembe kuna utomvu, kinyesi cha ndege, na msimu ukifika, embe lenyewe likidondoka kutoka juu. Mimi huchagua kivuli cha ukuta. Ukiegesha, funga paa hata kama unaingia dukani dakika tano, kwa sababu mvua ya ziwani haipigi hodi, na usiache simu wala pochi ndani, maana turubai hupasuliwa kwa wembe. Gari lililonyeshewa likiwa wazi usikimbilie kuliwasha. Chini ya viti na zulia mara nyingi hupita nyaya na viunganishi vya umeme. Toa maji, ondoa betri, mwite fundi wa umeme aangalie kwanza.

Pale turubai linapokutana na mwili wa gari kuna vitundu vidogo vya kupitishia maji. Majani na maua ya mwembe huviziba, maji yanakosa njia, yanaingia ndani na kulala sakafuni, na mwenye gari anabadilisha turubai zima akidhani linavuja. Vitafute, vizibue kwa waya laini wa plastiki kila kabla ya mvua za Novemba, kisha mwaga kikombe cha maji na utazame kama yanatoka chini ya gari.