Je, wajua? Tiketi ya filamu ya Marekani inachangia filamu za Kifaransa

Miaka mingi niliamini, na nikawa nabishana na watu kabisa, kwamba Ufaransa serikali inachota tu hela za walipakodi wote, hata bibi wa kijijini asiyewahi kukanyaga ukumbi wa sinema, halafu inawagawia madairekta wakatengeneze filamu ambazo hakuna anayeziangalia. Kumbe sivyo. Sehemu kubwa ya ile hela haitoki hazina, inatoka kwenye tozo za sekta yenyewe, hasa vituo vya TV, na sehemu nyingine inatoka mlangoni pa sinema, kwa mtu aliyeamua mwenyewe kuingia. Na hata hilo la "hakuna anayeziangalia" si kweli, maana filamu za Kifaransa kwa kawaida zinachukua asilimia 40 hivi ya tiketi zote za nchi ile.

Inakuwaje? Kuna taasisi ya serikali inayosimamia mambo ya filamu, inaitwa CNC, ilianzishwa 1946 baada ya vita, filamu za Hollywood zikiwa zinamiminika, na 1948 ikaja sheria ya kukata tozo kwenye tiketi. Leo tozo ni asilimia 10.72, yaani ukitoa euro 10, kama euro 1 na senti 7 inaenda CNC. Na inakatwa kwa filamu yoyote, hata ya Marekani.

Chukulia ushuru wa gulio. Muuza mahindi analipa, muuza mitumba ya ng'ambo analipa, yote kapu moja. Ila kapu likifunguliwa wanaopewa ni wakulima wa hapahapa, na hawapewi noti, wanapewa mbegu. Aliyeuza magunia 10 anapata mbegu nyingi kuliko aliyeuza debe moja, na mbegu hizo si za kusaga ukala ugali, ni za kurudisha shambani. Ndivyo ilivyo kwa prodyuza, filamu yake ikiuza tiketi anaandikiwa kiasi kwenye akaunti yake pale CNC, na akitaka kukitumia atengeneze filamu nyingine. Kumbi nazo zina fungu lao la kukarabati viti na mashine.

Sasa asiye na mavuno ya mwaka jana je? Kwa huyo kuna mkopo ulioanza enzi za waziri wa utamaduni André Malraux, kamati inasoma skripti, ukipita unapewa, filamu ikiingiza unarudisha, ingawa wengi hawafikii kurudisha yote.

Tusiseme lakini kwamba hazina haitoi kitu, kuna nafuu ya kodi kwa maprodyuza, na vituo vya TV navyo vinabanwa na sheria vichangie, kwa hiyo ile asilimia 40 ni ngumu kusema imeletwa na tiketi peke yake.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba tangu 2012 kuna mfuko wa sinema za dunia, sehemu ya hela yake inatoka hukohuko CNC, na dairekta wa Afrika akiungana na prodyuza wa Kifaransa anaweza kuomba. Mtoto kaenda kuangalia katuni ya Marekani pale Lyon, senti zake zikafika mpaka kwenye kamera huku kwetu Afrika.