Kumeza kamera: ganzi, sindano ya kutuliza, na kwa nini mwenzio hakusikia kitu wewe ukasikia

Swali la mwanzo tunaloulizwa pale dirishani pa kuchukulia tarehe sio "mnatafuta maradhi gani", ni "mtanipiga nusu kaputi au nitakuwa macho?" Na anaeuliza keshasikia habari mbili tafauti, shangazi yake alifanya akasema hata hakujua wameanza saa ngapi, na jirani alifanya pahala pale pale akatoka analia akaapa wallahi harudi tena. Wote wawili wanasema kweli, na kwa sababu mimi ni muuguzi wa chumba cha endoskopi, yaani vipimo vya kutazama tumbo na utumbo kwa kamera, hapa Unguja na kitengo kimetaka iandikwe kitu watu wasome kabla ya kuja, nitaeleza kwa nini, bila ya kupamba.

Vipimo viko viwili na adha zao hazifanani. Cha juu, watu wanakiita kumeza kamera, ni mpira unaopinda wenye taa na kamera nchani, unene wake kama milimita 9 au 10, unapita mdomoni mpaka tumboni na kipande cha mwanzo cha utumbo mdogo. Dakika 5 mpaka 10 mara nyingi kimekwisha. Cha chini, kolonoskopi, mpira unapitia njia ya haja kubwa unazunguka utumbo mpana wote, hicho ni dakika 20 mpaka 45 hivi, inategemea utumbo wako ulivyojikunja na ulivyosafika.

Cha juu tabu yake sio maumivu, ni kukokomoka. Koo likiguswa nyuma linataka kutapika, ndio kazi yake hio, na wako watu makoo yao mepesi mno hata mswaki ukienda mbali kidogo tu basi. Alafu iko khofu ya pumzi, mtu anahisi mpira umemziba. Njia ya pumzi na njia ya chakula ni mbili, mpira unapita ya chakula, pumzi yako iko pale pale, ila koo lishapigwa ganzi ya kupuliza ambayo ni chungu kama shubiri na ikishaingia unahisi koo limevimba na mate hayamezeki, na wengi khofu huwapanda hapo hapo hata mpira haujatolewa pale ulipotundikwa. Ukijua mapema kwamba hali hio ni ganzi inafanya kazi, inakuwa nusu ya tabu. Kukatwa kile kinyama kidogo cha kupeleka maabara hukusikii kabisa, ngozi ya ndani ya tumbo haina hisia ya kukatwa.

(Mwaka 1868 daktari wa Kijerumani Adolf Kussmaul alipotaka kuchungulia tumbo la mtu aliye hai ilibidi amtumie mtu wa maonesho anaemeza mapanga, maana chombo chenyewe kilikuwa bomba lililonyooka. Huu mpira wa kupinda ulikuja 1957, kazi ya Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa Marekani, na alijijaribia mwenyewe kwanza. Kwahiyo ukiuona wetu ukatisha, mshukuru Mungu.)

Cha chini ni jengine. Pale tatizo ni upepo na kona. Utumbo lazima tuutie upepo ufunguke tuone, na upepo huo ndio unaoleta msokoto, pahala ambapo kuna gesi ya kabonidayoksaidi badala ya hewa ya kawaida tumbo linashuka upesi zaidi kwa sababu gesi hio mwili unainyonya. Na mpira ukifika kwenye mipindo, hasa ule wa mwanzo upande wa kushoto chini, unaweza kufanya kitanzi ukavuta utumbo, hapo ndipo mtu anaposema "hapo! hapo!" Tukikunja mguu wako, tukikugeuza ulale chali au tukakubonyeza tumbo kwa mkono, sio kama tunakuonea, tunakifungua kile kitanzi. Wanaosikia zaidi mara nyingi ni wanawake, hasa waliopasuliwa uzazi au kutolewa kizazi maana ndani panaweza kuwa pameshikana, na watu wembamba, na yule aliyekuja na khofu tokea nyumbani. Ukiwa ni mmoja wao sema wakati wa kuchukua tarehe, usingoje ulale kitandani.

Sasa hizo dawa. Watu wanazitia zote kwenye kapu moja wakaziita usingizi, na hapo ndipo malalamiko mengi yanapozaliwa. Ya kwanza ni ganzi ya koo peke yake, unakuwa macho kamili. Ya pili ni sindano ya kutuliza, inapita kwenye mshipa, mara nyingi midazolamu na pengine inachanganywa na dawa ya maumivu kama fentanili au pethidini. Hii SIO nusu kaputi. Unalegea, unasinzia, ukiitwa jina unaitika, ukiambiwa geuka unageuka, na unaweza kusikia mpira, unaweza kusikia msokoto, unaweza kutusikia tukiongea. Ya tatu ni usingizi mzito wa propofoli, huo ndio ule wa shangazi labda, hujui kitu, lakini lazima awepo mtaalamu wa usingizi ambae kazi yake pale ndani ni moja tu, kuangalia pumzi yako. Midazolamu na zile za maumivu ziko dawa za kuzigeuza haraka mtu akizidiwa, flumazenili na naloksoni, propofoli haina ya kuigeuza, bahati yake inatoka mwilini kwa dakika chache. Ndio maana haipigwi na yoyote na haipigwi popote.

Na hatari kubwa ya dawa hizi ndio hio pumzi. Mtu anasinzia zaidi ya tulivyotaka, anahema kidogo kidogo, oksijini inashuka. Kwahiyo tunapiga kidogo, tunangoja dakika mbili tatu tunamtazama, tunaongeza, na mzee wa miaka 75 hapewi kiasi anachopewa kijana wake. Familia zinatulaumu, "mama yetu mmempa kidogo akateseka". Tumempa kidogo kwa sababu ya umri wake na moyo wake, na tungempa zaidi pengine mngetulaumu kwa jengine.

Nirudi kwa shangazi na jirani maana hapa ndipo penye utamu. Midazolamu ina tabia moja, inafuta kumbukumbu. Mtu anaweza kukokomoka, kukunja uso, kusema "inatosha jamani", na baada ya saa moja amekaa kwenye kiti anauliza mtaanza saa ngapi. Kwahiyo anaekwambia "sikusikia kitu" pengine alisikia, hakumbuki tu. Na mwengine dawa ile ile, kiasi kile kile, haimfuti, anakumbuka kila kitu mwanzo mpaka mwisho na anarudi nyumbani akiamini kaonewa au kapigwa sindano ya maji badala ya dawa. Hakupigwa maji. Miili haifanani, na mtu aliyezoea vidonge vya usingizi, pombe, au unga, dawa zetu zinamfanyia kazi kidogo au zinamfanyia kwa namna isiyotabirika. Hili naliomba sana, hasa kwa vijana na kwa wazee wao wanaowaleta: tuambieni ukweli. Mtoe mama nje kama unamuonea haya, sisi hatupeleki popote, tunataka kujua tu tukupigie nini na tukuangalie vipi. Kadhalika pumu, kukoroma kwa kukatika pumzi usiku, mimba, mzio, dawa za kuyeyusha damu, insulini.

Uchague nini basi? Rai yangu, kwa kipimo cha juu watu wazima wengi wanakiweza kwa ganzi peke yake wakiwa na mtu karibu yao anawasemesha vizuri, na faida yake ni kubwa, ganzi ikishatoka unakwenda zako na akili zako. Lakini kama koo lako ni jepesi au ulishafanya zamani ukateseka, omba sindano na usione haya. Kwa kolonoskopi mimi ningeomba, wako wanaomaliza bila ya dawa na wanasema ilikuwa kidogo tu, ila sioni sababu ya kuanza na kujikaza. Na ile tabia ya kumwambia mgonjwa "mwanamme mzima unalia" siipendi hata chembe, iwe imetoka kwa ndugu au imetoka kwetu sisi wenyewe wa spitali, anaejikaza kimya anakaza na misuli ya tumbo, kazi inakuwa ndefu na daktari hajui kama panauma.

Kabla ya kuanza patana na muuguzi alama. Mdomoni una kile kidude cha plastiki unachokishika kwa meno, hutaweza kusema, kwahiyo nyanyua mkono. Ukinyanyua, tunaweza kusita, kunyonya upepo, kuongeza dawa kama inafaa. Unayo haki ya kusema basi. Kwa kipimo cha juu yaache mate yamwagike yenyewe, usiyameze, iko taulo chini ya shavu lako na hakuna anaekucheka. Pumua taratibu kwa pua, legeza mabega, macho yafungue utazame kitu kimoja ukutani, anaeyafunga khofu inamzidi. Wengine wanasoma nyiradi zao moyoni, na nawaona wanatulia kweli.

Kufunga chakula wengi hapa halitushughulishi, tushazoea, ila masharti ndio yanayokosewa. Chakula kiwe kimeachwa masaa 6 na zaidi, maziwa yanahesabiwa chakula, maji matupu mara nyingi yanaruhusiwa mpaka masaa 2 kabla, fuata karatasi uliyopewa. Tumbo likiwa na chakula ukalala na dawa, chakula kinapanda juu kinaingia mapafuni, hilo ndilo tunaloliogopa, sio ukaidi wetu. Dawa za presha kwa kawaida unameza asubuhi na maji kidogo, za sukari uliza maana hapo kila mtu na yake. Kwa kolonoskopi siku 2 au 3 kabla acha vyenye mbegu na makapi, mapera, mahindi, nyanya na mbegu zake, na siku ya mwisho ni vya maji vinavyopitisha mwanga tu, chai kavu, maji, supu iliyochujwa. Urojo sio cha maji jamani! Kila mara yuko anaetuambia "lakini nilikunywa tu". Na juisi nyekundu usiguse, ndani inatuchanganya na damu. Ile dawa ya kusafisha tumbo inachosha, kusema kweli wagonjwa wengi wanatuambia usiku ule wa chooni ulikuwa mbaya kuliko kipimo chenyewe, lakini utumbo usiposafika unaumizwa bure na tarehe unapewa nyengine.

Wanawake, piko na rangi ya kucha toeni au acheni angalau kidole kimoja kitupu, kile kidude tunachokubana kidoleni kinasoma oksijini kwa mwanga na rangi nyeusi inaweza kukidanganya. Biharusi wiki ya harusi aseme tu, tutatafuta pahala pengine pa kukiweka. Na haya ya kujifunua kwenye kipimo cha chini tunaijua, unavaa gauni, unafunikwa shuka, unabaki na mtandio wako, panapofunguliwa ni padogo. Ukitaka muuguzi wa kike awe karibu omba mapema, na tukiwa nae zamu hio tunampanga.

Ramadhani tunaulizwa kama kipimo kinafunguza. Hilo muulize shekhe wako, kwetu uliza jambo moja, kama kipimo chako kinaweza kungoja mpaka baada ya Idi au hakingoji. Mtu anaetapika damu hakingoji.

Ukishamaliza, koo likiwa bado na ganzi usile wala usinywe mpaka limerudi, kama saa moja hivi, jaribu na kijiko cha maji kwanza. Koo kuwasha siku moja mbili ni kawaida, tumbo kujaa ni kawaida, na baada ya kolonoskopi dawa ya msokoto ni kutoa huo upepo, nisameheni, jambeni tu, chumba chote kile wanafanya hivo.

Aliyepigwa sindano asiendeshe gari wala vespa kwa masaa 24, asipande bodaboda peke yake, asitie saini ya shamba wala kukopesha pesa, maana anaonekana mzima anaongea vizuri na kesho hakumbuki. Kwa sababu hio hio daktari akija kueleza alichokiona, anaesikiliza kwa ajili yako ni yule uliyekuja nae, mlete mtu wa kushika maneno, sio mtoto wa skuli. Na ndugu zetu wa Pemba, msikate tiketi ya boti ya siku ile ile kwenda Mkoani. Lala kwa jamaa mjini, asubuhi ondoka. Bahari ikichafuka na hio dawa imo mwilini, kichefuchefu chake hutakisahau, na ukipata tatizo katikati ya mkondo hatuna la kukufanyia.

Matatizo makubwa ni nadra, utumbo kutoboka kwenye kolonoskopi ya uchunguzi ni chini ya mtu 1 kwa kila 1,000, lakini nadra sio hakuna. Maumivu makali ya tumbo au kifua yasiyopungua, homa, kutapika damu, choo cheusi kama lami au damu nyingi, kushindwa kumeza, pumzi kubana, rudi spitali saa hio hio hata iwe usiku wa manane, usinywe kwanza dawa za kienyeji.

Na kabla hujatoka omba uandikiwe kwenye karatasi yako ulipigwa dawa gani, kiasi gani, na ulikuwaje, ulitulia au ulisumbuka. Watu wanabeba majibu ya kipimo tu. Wenye maradhi ya ini au wanaofuatiliwa vinyama vilivyoota utumboni watarudi tena na tena, na karatasi ile ndio inayomwambia mwenzangu wa zamu ijayo aanze na wewe vipi.